Je, Wajua? Pomboo wa Sakila na Foleni ya Kuingia Kwenye Kanzidata

Mtalii analipia kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa namba ya malipo. Karani wa zahanati Usa River anajaza taarifa za mwezi. Mwanafunzi Tengeru anafungua ukurasa wa ada. Kila mmoja wao, bila kujua, ametuma programu ikagonge mlango wa kanzidata. Mlango huo haufunguki bure: unakula muda na kumbukumbu ya kompyuta. Kwa hiyo mafundi hufungua miunganisho michache mapema, huiacha wazi, kisha huikopesha kwa zamu kwa kila ombi linaloingia. Hiyo ndiyo akiba ya miunganisho. Mwenye seva moja hana la kujiuliza. Mwenye seva tano anaulizwa jambo moja gumu: akiba hiyo ikae wapi? Yafuatayo yatakusaidia kujibu, na mengine yatakushangaza tu.

1. Pomboo wa MySQL ana jina la kijiji cha Meru

Je, wajua kwamba moja ya programu za kanzidata zinazotumika zaidi duniani ina undugu wa jina na kijiji cha Umeruni? Nembo ya MySQL ni pomboo, na pomboo huyo anaitwa Sakila. Jina lilitokana na shindano la watumiaji. Mshindi alikuwa Ambrose Twebaze, mtunzi wa programu huria aliyekuwa Eswatini, mwenye asili ya Uganda, aliyeeleza kuwa Sakila ni jina la kike lenye mizizi katika Kiswati. Nyaraka za MySQL zenyewe zinaongeza kwamba Sakila ni pia mahali palipo Arusha, Tanzania. Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Wanaijua Sakila, na hawaichanganyi na Sakina ya mjini iliyo kando ya barabara ya Namanga. Jina hilohilo limepewa kanzidata ya mazoezi ya MySQL, yenye taarifa za duka la kukodisha filamu, ambayo wanafunzi wa nchi nyingi huanza nayo kujifunza.

2. Salamu ni safari sita

Je, wajua kwamba kabla programu haijaiuliza Postgres, kanzidata nyingine maarufu, swali lake la kwanza, ujumbe huwa umekwenda na kurudi mara sita? Safari ya kwanza mashine mbili hufunguliana njia. Ya pili, programu huuliza kama mazungumzo yatasimbwa. Ya tatu, hubadilishana funguo za usimbaji. Ya nne, programu hujitaja jina na kanzidata inayoitaka. Ya tano na ya sita, huthibitisha nywila bila kuitamka wazi. Hayo yote ni salamu tu, shughuli bado.

Toleo la 17 la Postgres, lililotoka Septemba 2024, liliruhusu kuiruka ile safari ya pili. Kupunguza salamu moja kati ya sita kulionekana kazi inayostahili kufanywa, na hilo linaonyesha jinsi gharama hii inavyohesabiwa kwa makini.

3. Umbali wa Dar es Salaam hupimwa kwa milisekunde

Je, wajua kwamba mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili tu ya kasi yake angani? Kwa barabara, Arusha na Dar es Salaam zimetengana kwa zaidi ya kilomita 600. Mkongo ukifuata njia ya namna hiyo, kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 6. Zidisha kwa salamu sita: milisekunde 36 zimekwisha kabla ya swali la kwanza.

Sasa hamishia kanzidata Cape Town, ambako kampuni ya Amazon ilifungua kituo chake cha seva mwaka 2020. Kutoka Arusha ni karibu kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Safari moja ya kwenda na kurudi ni milisekunde 39 kwa uchache, na salamu zote ni zaidi ya 230. Hakuna fundi anayeweza kuongeza kasi ya mwanga. Anachoweza ni kusalimia mara moja, kisha kuuacha muunganisho wazi siku nzima.

Walioendesha mitandao kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009 walikuwa na hesabu chungu zaidi. Setilaiti za wakati huo zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia hiyohiyo ni karibu nusu sekunde. Salamu sita zingechukua kama sekunde tatu.

4. Jirani wa Njiro anaweza kuwa mbali

Je, wajua kwamba umbali kati ya seva mbili haupimwi kwa ramani bali kwa njia ambayo data inapita? Seva iliyoko Njiro na nyingine iliyoko Sekei, kama ziko kwa watoa huduma wawili wasiokutana Arusha, zinaweza kulazimika kukutania Dar es Salaam au mbali zaidi. Ndiyo sababu Arusha ina kituo chake cha kubadilishana mitandao, AIXP, ili data ya mjini ibaki mjini. Kabla ya kuamua akiba ikae wapi, pima muda halisi wa kwenda na kurudi kati ya kila seva na kanzidata. Usikisie kwa kuangalia jengo liko mtaa gani.

5. Postgres huomba radhi

Je, wajua kwamba Postgres, ikiwa haijaguswa mipangilio yake, hukubali wateja 100 tu kwa wakati mmoja? Tatu kati ya nafasi hizo hutengwa kwa msimamizi mkuu, kwa hiyo wa kawaida wamebaki na 97. Zote 100 zikijaa, anayefuata hupokea ujumbe wa kukataliwa unaoanza kwa adabu: samahani, wateja wamekwisha kuwa wengi mno.

Sababu ya ubahili huo ni muundo wake. Kwa kila mteja, Postgres huzaa mchakato mzima unaojitegemea, na kila mchakato hushika kumbukumbu yake, hata kama mteja amekaa kimya. MySQL ni nyepesi kidogo kwa hilo: humpa kila mteja uzi mmoja ndani ya mchakato mmoja, na kikomo chake cha awali ni 151. Toleo la 14 la Postgres, la mwaka 2021, lilipunguza sana mzigo wa wateja waliokaa kimya. Hata hivyo kila mteja bado ni mchakato.

6. Haba na haba huvunja kibaba

Je, wajua kwamba akiba ndogo ndizo huangusha kanzidata? Chukua seva 6. Kila moja ina nakala 8 za programu zinazofanya kazi sambamba. Kila nakala imejiwekea akiba ya miunganisho 10, namba inayoonekana ya kiasi kabisa. Jumla ni 480, karibu mara tano ya kikomo cha awali cha Postgres. Siku ya kupandisha toleo jipya, nakala za zamani na mpya zikiishi pamoja kwa dakika chache, inaweza kukaribia 960.

Mfano wa karibu ni DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania huitumia kukusanya taarifa za MTUHA kutoka vituo vya afya vya nchi nzima. Imejengwa juu ya Postgres, na nyaraka zake hutaja miunganisho 80 kuwa ukubwa wa awali wa akiba yake. Weka nakala moja juu ya Postgres ambayo haijaguswa, zinabaki nafasi 17. Ongeza ya pili, labda ya mafunzo, nazo zikafanya kazi kwa nguvu pamoja, hesabu haitoshi tena. Kila nakala peke yake haina kosa. Kosa liko kwenye jumla, na jumla haionekani kutoka ndani ya nakala yoyote.

7. Maombi 400 kwa sekunde, miunganisho minane

Je, wajua kwamba mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni inayokuwezesha kukadiria akiba kwa kuzidisha mara moja tu? Idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Kama mfumo wako unapokea maombi 400 kwa sekunde, na kila ombi hushika kanzidata kwa milisekunde 20, basi 400 mara 0.02 ni 8. Kwa wastani, miunganisho minane tu ndiyo iliyo kazini. Utaongeza ya kukabili mawimbi ya ghafla, lakini ukijikuta unadai 500, tafuta kwanza swali linalochelewa. Kupunguza muda wa kushika hupunguza akiba kwa kiwango kilekile.

8. Kupunguza kunaweza kuongeza kasi

Je, wajua kwamba kuongeza miunganisho kupita kiasi huchelewesha kila mtu? Kichakataji chenye viini vinne hufanya mambo manne kwa wakati mmoja. Wateja mia wakiingia pamoja, viini hutumia nguvu kumweka huyu chini na kumchukua yule. Katika onyesho la wataalamu wa Oracle linalonukuliwa sana na mafundi, akiba ilipunguzwa kutoka maelfu hadi chini ya mia, bila kubadili kitu kingine, na muda wa kujibu ukashuka kutoka takriban milisekunde 100 hadi 2.

Watunzi wa HikariCP, programu ya akiba inayopendwa na watumiaji wa Java, hushauri kuanza na mara mbili ya idadi ya viini vya seva ya kanzidata, kisha kuongeza idadi ya diski zinazofanya kazi. Kwa seva ya viini vinne na diski moja, hiyo ni 9. Ni mwanzo wa kupima, si amri. Lakini umuhimu wake uko hapa: kipimo kinatokana na nguvu ya kanzidata, wala si wingi wa seva zilizo mbele yake.

9. Mdenmark wa simu alikwisha kujibu nusu ya swali

Je, wajua kwamba hesabu ya akiba ni kongwe kuliko kompyuta? Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha kazi zake mwaka 1909, akatoa kanuni zake maarufu mwaka 1917. Alitaka kujua kituo cha simu kinahitaji nyaya ngapi ili wapigaji wachache tu wakose nafasi.

Tumia kanuni yake hivi. Una makundi manne, kila moja likiwa na simu 5 hewani kwa wastani, na unataka asilimia 1 tu ya wapigaji wakose. Kila kundi likiwa na nyaya zake, linahitaji 11, jumla 44. Yakichangia kapu moja, nyaya 30 zinatosha kwa huduma ileile. Kumi na nne zimeokolewa kwa sababu makundi hayachemki yote kwa dakika moja. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuwa na akiba moja ya pamoja badala ya kila seva kujifungia yake. Kitu ambacho Erlang hakukiweka kwenye hesabu hiyo ni gharama ya kulifikia kapu, na uwezekano wa kapu lenyewe kuanguka.

10. Mlinzi wa mlangoni alizaliwa Skype

Je, wajua kwamba programu maarufu ya kushikilia akiba ya Postgres ilitoka kwenye kampuni ya kupiga simu? PgBouncer ilitengenezwa na wahandisi wa Skype nchini Estonia na kutolewa mwaka 2007. Husimama katikati: programu huiona kama kanzidata, kanzidata huiona kama mteja. Kila mteja anayesubiri hugharimu takriban kilobaiti 2 tu, kwa hiyo maelfu wanaweza kusubiri hapo wakati miunganisho 20 tu inafanya kazi upande wa pili. Hata namba ya mlango wake inamfuata mwenyeji wake: Postgres husikiliza 5432, PgBouncer 6432.

Ina mpaka mmoja wa kukumbuka: mchakato mmoja wa PgBouncer hutumia kiini kimoja tu cha kichakataji. Seva yenye viini 16 haitaisaidia mpaka uendeshe nakala kadhaa zinazochangia mlango uleule.

11. Banio la juu na mlango wa shambani

Je, wajua kwamba wakulima wa miteremko ya Meru wamekuwa wakibishania swali hili muda mrefu, ila kwa maji? Kwenye mifereji ya Mto Nduruma, unaotiririka kutoka mlimani, maji hugawanywa kwa zamu. Anayeshika mlango wa shamba lake anajua mimea yake inataka nini, lakini hajui kama wa chini wamekauka. Anayeshika banio anaona mto wote, lakini banio likiziba, mfereji mzima hukosa.

Akiba nayo ina sehemu tatu za kukaa.

Ya kwanza ni ndani ya programu. Hakuna kituo cha ziada njiani wala kitu kipya cha kuharibika. Kasoro yake umeiona kwenye namba 6 na 9: seva moja inaweza kuwa na foleni huku jirani yake ameshika miunganisho kumi isiyo na kazi.

Ya pili ni kando ya programu: PgBouncer kwenye kila seva ya mbele. Nakala zote nane za seva hiyo huchangia akiba moja. Programu ikizimwa na kuwashwa, miunganisho ya kwenda mbali inabaki wazi, na salamu sita za Dar es Salaam hazirudiwi. PgBouncer moja ikifa, seva moja tu ndiyo imeathirika. Lakini jumla bado inazidishwa kwa idadi ya seva.

Ya tatu ni mbele ya kanzidata, ama kwenye mashine yake yenyewe ama kwenye mashine iliyo jirani. Hapa kuna hesabu moja kwa wote, na faida ya Erlang hupatikana kamili. Ukiiweka kwenye mashine ya kanzidata, zitagombea kichakataji, na siku kanzidata ya dharura inapochukua nafasi ya kuu iliyokufa, mlinzi naye amekufa pamoja na mwenyeji wake. Ukiiweka kwenye mashine ya pekee, umeongeza kituo njiani, na lazima ziwe mbili, ili moja ikifa nyingine ishike.

Hakuna kinachokuzuia kutumia mbili kwa pamoja: ndogo kando ya programu kwa ajili ya umbali, nyingine mbele ya kanzidata kwa ajili ya jumla. Bei yake ni kwamba ombi likikwama, utalitafuta kwenye foleni mbili.

12. Mteja anaweza kurithi mipangilio ya mwenzake

Je, wajua kwamba kukopeshana muunganisho kunaweza kuvujisha tabia? PgBouncer hukopesha kwa namna tatu: kwa kikao kizima, kwa muamala mmoja, au kwa swali moja. Ya kikao ni salama lakini haiokoi sana, kwani mteja aliyekaa kimya bado ameshikilia. Ya muamala ndiyo inayowezesha wateja maelfu kutumia miunganisho 20. Lakini programu ikibadili, kwa mfano, kikomo cha muda wa swali nje ya muamala, anayepewa muunganisho huo baadaye anaweza kukikuta kilivyoachwa, na jedwali la muda huenda lisionekane tena. Kwa miaka mingi hata maswali yaliyotayarishwa mapema hayakufanya kazi kwa namna hii, mpaka toleo la 1.21 la mwaka 2023.

Kwa hiyo swali la wapi lina pacha wake: kwa muda gani? Kuhamishia akiba katikati bila kukagua programu inaacha nini nyuma ni kutafuta makosa yanayoonekana siku ya msongamano tu.

13. Muunganisho uliokufa unaweza kukaa saa mbili

Je, wajua kwamba Linux, kwa mipangilio yake ya awali, husubiri sekunde 7,200 za ukimya kabla ya kuanza kupima kama mwenzake bado yu hai, na hata hivyo kama tu programu imeomba? Hizo ni saa mbili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika kukatika kwa namna hiyo, akiba iliyovuka bahari inaweza kujaa miunganisho inayoonekana mizima, kumbe imekufa. Kila ombi linapewa mmoja wao na kuganda.

Dawa ni kufupisha muda wa kupima uhai na kuweka umri wa mwisho wa kila muunganisho. Na njia inaporudi, seva zote hukimbilia mlango kwa pamoja. Akiba iliyo mbele ya kanzidata huwapanga foleni; akiba zilizotawanyika huifanya kanzidata ipokee salamu zote kwa mkupuo.

14. Muunganisho wa bei nafuu ni ule usiofunguliwa

Je, wajua kwamba kurasa za matokeo ya mitihani ya NECTA huwa faili zilizokwisha kuandaliwa, shule kwa shule? Msomaji wa matokeo ya shule ya Arumeru hahitaji kuiuliza kanzidata chochote. Seva humpa faili tu. Siku ambayo nchi nzima inafungua ukurasa kwa wakati mmoja, hapo hapana foleni ya miunganisho ya kugawa. Kabla ya kujadili akiba ikae wapi, uliza ni maswali mangapi yangeweza kujibiwa bila kugusa kanzidata.

15. Uamuzi huanza kwa kuhesabu

Je, wajua kwamba Postgres ina orodha iitwayo pg_stat_activity inayoonyesha kila mteja aliyeunganishwa, anafanya nini, na amekaa kimya tangu lini? Iangalie saa ya msongamano. Ukikuta mia wameunganishwa na sita tu wanafanya kazi, tatizo lako si nguvu ya kanzidata bali namna ya kugawana mlango.

Kisha amua kwa kufuata kilicho adimu kwako. Kama jumla ya akiba zote, ukizidisha seva kwa nakala, iko mbali chini ya kikomo na kanzidata iko karibu, acha akiba ndani ya programu na uandike hiyo jumla mahali kila fundi ataiona. Kama adimu ni muda wa njiani, weka akiba kando ya programu. Kama adimu ni nafasi za kanzidata, weka akiba mbele yake, nakala mbili. Na kama adimu ni watu wa kuamka usiku mtambo ukizima, chagua mpangilio ambao fundi mmoja anaweza kuueleza na kuutengeneza peke yake, hata kama utapoteza miunganisho michache.